Moshi wa Safari na Miti ya Ufipa

  Fungueni madaftari. Mwenye penseli ndefu amkatie mwenzake kipande, maana leo tuna hesabu. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: hewa ya ukaa, fidia, mkataba.

Tuanze na la kwanza. Kuni, mkaa na dizeli vyote vina ukaa ndani yake. Vikiungua, ukaa huo hushikana na hewa, nao huwa hewa ya ukaa. Ule moshi mweusi mnaouona nyuma ya lori siyo hewa hiyo. Hewa ya ukaa haina rangi, wala hamwezi kuiona ikitoka. Lakini ikizidi angani huzuia joto la dunia lisipate kutoka, na mvua huanza kubadili desturi zake. Mkulima wa ulezi na mahindi hana haja ya kuelezwa hasara ya jambo hilo.

Sasa hesabu. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa hewa ya ukaa kilo 2.7 hivi. Msishangae kwamba lita moja, ambayo haifiki kilo moja, hutoa uzito zaidi ya wake. Ni kwa sababu ukaa huchukua oksijeni hewani na kujiongezea uzito. Basi, tuseme basi la kutoka Sumbawanga kwenda Mbeya limechoma lita 100. Zidisheni 100 kwa 2.7. Mmepata kilo 270. Kama ndani walikuwamo abiria 50, fungu la kila mmoja ni kilo 5.4. Si nyingi. Lakini mtu mmoja akipanda ndege kutoka Dar es Salaam mpaka London na kurudi, fungu lake peke yake lapita kilo 1,000.

Mti hufanya kinyume cha motokaa. Huvuta hewa ya ukaa kwa majani yake, ukaukamata ukaa na kuufanya mbao, mizizi na magome. Mti mkavu wenye uzito wa kilo 100 una ukaa wa kilo 50 hivi, na ili kuupata umevuta hewa ya ukaa kama kilo 183. Kwa hiyo safari moja ya basi letu yataka mti mmoja na nusu. Yule wa London ataka miti sita. Kupanda miti ili kulipia moshi wa safari ndiko watu wanakokuita fidia.

Lakini ngojeni. Basi lile haliendi mara moja. Likienda kila siku kwa mwaka, bila kuhesabu kurudi, litataka miti kama 537. Mkipanda kwa nafasi ya meta tatu kwa tatu, ekari moja hubeba karibu miti 450. Basi kila mwaka mtahitaji ekari nyingine mpya na zaidi, na shamba la mwaka jana hamtaruhusiwa kulikata. Tena moshi hutoka siku moja, na mti huchukua miaka mingi kuufidia. Kwa maoni yangu, anayeweza kupunguza safari za ndege aanze hapo, kabla ya kuja kuomba ardhi ya Wafipa.

Ardhi yenyewe tunaijua. Ufipa ni nchi ya majani, yenye baridi na upepo. Wazee wa hapa walichoma mkaa mwingi kwa tanuru ndefu za udongo walipoyeyusha chuma. Lakini hao hao walijua kufukia majani chini ya matuta ya ntumba yaoze, badala ya kuyachoma, na kwa njia hiyo ukaa hubaki udongoni kwa muda. Miti ya asili imesalia zaidi milimani, kama msitu wa Mbizi, wenye mbega wekundu. Kuutunza msitu uliopo kwafaa kuliko kuukata na kupanda mwingine.

Adui mkubwa wa fidia hapa kwetu ni moto wa kichaa. Shamba likiungua mwezi wa Septemba, ukaa wote ulioungua hurudi angani, na fedha zilizolipwa hazikununua kitu. Kwa hiyo aliyepanda hana budi kulima ukanda mtupu kulizunguka shamba. Na mikaratusi isipandwe penye chemchemi, maana hunywa maji mengi.

Je, kuna waliolipwa kweli? Wapo. Huko Mpwapwa, mwaka 1999, ulianza mpango uitwao TIST. Wakulima wadogo katika vikundi hupanda miti, nayo huhesabiwa, na hulipwa kwa iliyo hai. Jirani zetu wa wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, hawapandi bali hulinda. Vijiji vinane vya milima ya Ntakata hupata fedha kupitia Kampuni ya Carbon Tanzania, nazo zimesaidia shule na zahanati. Mwaka 2022 Serikali ilitoa kanuni za biashara hii.

Siku moja mgeni anaweza kufika kijijini kwenu na karatasi. Hiyo ndiyo mkataba. Mkataba wa miti huweza kudumu miaka 30, yaani mjukuu wako atalima ndani yake. Msiweke kidole gumba. Usomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, kwa Kiswahili, neno kwa neno, na ninyi mnaojifunza kusoma msome wenyewe.

Zoezi la leo. Jadilianeni kwa vikundi, kisha mwandike majibu:

Mkataba unasema ardhi ni ya nani miti ikiisha kukua? Ng'ombe watachungwa wapi? Kila mti hulipiwa shilingi ngapi, na lini? Moto ukiteketeza shamba, hasara ni ya nani?

Kwaherini.