Mali ya Umma Yataka Wajuzi wa Biashara



Nimeombwa niseme nanyi juu ya ujuzi wa biashara na wa majengo katika idara za Serikali. Wapo watakaodhani kwamba jambo hili ni la wafanyabiashara na wenye nyumba, wala halimhusu karani wa wilaya au mwalimu mkuu. Lakini hebu tujiulize: katika nchi yetu ni nani mwenye majengo mengi kuliko Serikali? Ni nani anunuaye dawa, saruji na vitabu vingi kuliko Serikali? Serikali ni mwenye nyumba, ni mpangaji, na ni mnunuzi, kila siku ya kazi. Asiyezijua kazi hizo tatu huzifanya pia, ila huzifanya kwa hasara. Na hasara hiyo hulipwa na mkulima ambaye hakuwapo mezani mkataba ulipotiwa saini.

Historia yetu ina mafunzo. Mwaka 1971 Bunge lilipitisha sheria ya kutwaa majumba, iliyoyahusu majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Ikaundwa ofisi ya Msajili wa Majumba ili iyasimamie. Kwa saini moja nyumba hupata mwenyewe mpya. Lakini paa haliachi kuvuja kwa sababu ya saini. Nyumba hutaka kodi iliyokadiriwa vema hata itoshe matengenezo. Hutaka mtu wa kumfuata mpangaji asiyelipa. Hutaka fundi wa mabomba aitwe leo, si mwakani. Mwaka 1990 kazi za Msajili ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962. Somo lililobaki ni kwamba kumiliki ni jambo moja, na kusimamia ni jambo jingine.

Tutazame pia mikataba. Mwaka 1995, nchi ikiwa katika uhaba wa umeme, TANESCO ilitia saini mkataba wa miaka 20 na kampuni ya IPTL kwa mtambo wa megawati 100 uliojengwa Tegeta. Ndani yake yalikuwamo malipo ya uwezo wa mtambo, yaani fedha inayolipwa kila mwezi kwa kuwa mtambo upo tayari, hata kama umeme wake hautumiki. Malipo hayo yalihesabiwa kutokana na gharama za ujenzi. Baadaye ikaonekana kwamba mashine zilizofungwa zilikuwa za mwendo wa kati, zenye bei nafuu, badala ya zile za mwendo wa pole zilizokusudiwa. Mwaka 1998 shauri likapelekwa kwenye usuluhishi wa kimataifa, na mwaka 2001 wasuluhishi wakaipunguza gharama iliyotumika katika hesabu ya malipo.

Ndugu zangu, zingatieni jambo hili. Nafuu ile haikupatikana kwa hotuba wala kwa hasira. Ilipatikana kwa sababu walikuwapo watu waliosoma mkataba kifungu kwa kifungu, wakailinganisha mashine iliyoandikwa na mashine iliyofungwa, wakajua tofauti ya bei. Jicho la namna hiyo likiwapo baada ya kutia saini, hupunguza hasara. Likiwapo kabla, huizuia.

Wala msidhani kwamba mambo haya ni ya mamilioni ya dola peke yake. Niliwahi kufika katika shule moja ya msingi, ambayo sitaitaja. Mwalimu mkuu alinionyesha nyumba tatu zilizojengwa juu ya uwanja wa michezo wa watoto. Alipokwenda kudai, aliulizwa hati na ramani ya upimaji. Hakuwa nazo, na jalada halikuonekana popote. Akaniambia kwa uchungu, "Mwenzetu ana karatasi, sisi tuna haki tu. Nilifundishwa kusahihisha madaftari, sikufundishwa kusoma ramani." Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Uwanja ule ulikwisha hivyo.

Wapo wasemao kwamba dawa ni kuajiri washauri kutoka nje kila inapotokea haja. Siwapingi wote, mshauri ana mahali pake. Lakini asiyejua kupima atajuaje kwamba amepunjwa? Mshauri akimaliza kazi huondoka na ujuzi wake, nasi hubaki na taarifa yenye jalada zuri kabatini. Wengine wataniambia kwamba ubadhirifu wetu hautokani na ujinga bali na tamaa. Ni kweli kwamba mjuzi asiye mwadilifu ni mwizi hodari zaidi. Lakini mwadilifu asiyejua hawezi kumkamata mwizi huyo, hata akikaa naye ofisi moja. Basi tunahitaji yote mawili.

Tufanye nini? Kwanza, kila idara iwe na daftari la mali zake: kiwanja, jengo, hati, mpaka, mpangaji na kodi, na daftari hilo likaguliwe kila mwaka kama fedha zinavyokaguliwa. Pili, pasiwe na nyumba ya umma inayouzwa au kupangishwa kabla mthamini hajaikagua na kuandika bei yake. Tatu, kila mkataba mkubwa uwe na mtumishi anayeujua tangu zabuni hadi malipo ya mwisho; asihamishwe mara tu anapoanza kuuelewa, na akihamishwa akabidhi kwa maandishi. Nne, kila mshauri wa nje apewe vijana wetu wa kufanya kazi pamoja naye, ili aondokapo ujuzi usiondoke.

Watu wa kuanzia wapo. Chuo cha Ardhi, ambacho tangu mwaka 2007 ni chuo kikuu kamili, kimefundisha wathamini na wapima wengi. Mzumbe imefundisha mameneja. Na iko Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi. Mara nyingi kijana aliyehitimu huko huwekwa masjala kupanga majalada, huku mkataba wa jengo ukiamuliwa na mtu asiyejua bei ya tofali. Huo ni ufujaji wa elimu iliyolipiwa na wananchi.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kila mmoja wetu arudipo kazini aulize swali moja: hati ya mahali hapa iko wapi, na ni nani aliyeisoma? Jibu likikosekana, kazi yetu ianzie hapo.