HAKI YA MAKAZI KATIKA MIJI INAYOKUA
Mada kwa viongozi wa walei wa Kasulu na Kibondo



Nimeombwa niseme juu ya makazi. Mzee mmoja aliposikia habari hiyo aliniuliza: "Mwalimu, makazi ya nani? Kwetu kila mtu hujijengea." Swali lake ni la haki. Ni kweli kwamba huku kwetu hatuoni watu wengi wanaolala vibarazani kama ilivyo Dar es Salaam. Asiye na nyumba kwetu amefichika. Ni mjane aliyerudi kwa kaka zake na watoto wanne. Ni familia iliyobomolewa nyumba ikahamia jikoni kwa jirani. Ni kijana anayelala kwa zamu katika chumba cha wenzake. Kwa kuwa haonekani hahesabiwi, na asiyehesabiwa hapangiwi kitu.

Wenye umri wangu wanaikumbuka Operesheni Kigoma ya mwaka 1972. Watu walitolewa katika miji yao iliyotawanyika vilimani, wakapangwa katika vijiji, na vijiji vingi vikawekwa kando ya barabara ili huduma ziwafikie. Mtu aliiacha migomba yake na makaburi ya wazazi wake. Sitaki kurudia leo mjadala wa Ujamaa. Nataka tukumbuke jambo moja tu: wengi waliokaa kando ya barabara hawakujichagulia pale mahali. Walipelekwa.

Sasa tazameni yaliyofuata. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 kila upande hadi mita 30. Aliyekuwa katika sehemu ile iliyoongezwa alitambuliwa kuwa na haki ya fidia. Aliyekuwa ndani ya mita 22.5 alihesabiwa kuwa mvamizi. Ujenzi wa lami kutoka Kabingo kupitia Kakonko, Kibondo na Kasulu hadi Manyovu, kilometa 260, ni neema tuliyoililia miaka mingi, nami siipingi. Lakini swali linalopaswa kuulizwa mbele ya kila nyumba iliyopigwa alama ya X ni hili: je, mtu huyu aliifuata barabara, au barabara ilimfuata yeye? Mzee aliyepelekwa pale na serikali mwaka 1972 hawezi kuitwa mvamizi na serikali hiyo hiyo bila kusikilizwa.

Wala tusidhani kwamba asiye na karatasi hana haki. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Lohay Akonaay, ilitamka kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, na haiwezi kuondolewa bila fidia. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zikafuata njia hiyo: fidia iwe kamili, ya haki na kwa wakati. Hailipi nyumba tu. Hulipa pia posho ya usumbufu, ya usafiri, na kodi ya pango ya miezi 36 ili mtu apate pa kukaa wakati anajenga. Ni wangapi kati yetu walioweka kidole gumba kwenye fomu ya tathmini bila kulisoma hilo?

Nije kwenye mji wenyewe. Mipaka ya mji ikivuka vijiji, mashamba hugeuka viwanja. Mpima huja, vigingi hupandwa, gharama hutajwa. Mwenye fedha hulipa. Asiye nazo huuza nusu ya kiwanja ili aimiliki nusu nyingine, na mara nyingi huishia kuuza yote na kuhamia bondeni, mahali ambapo mvua ya Machi humfuata. Hivyo upimaji, ambao ni jambo jema, humtoa maskini mjini bila mtu yeyote kukusudia. Halmashauri ikiweza kutenga viwanja vidogo vya bei nafuu, na kukubali malipo ya kidogo kidogo, wengi wangebaki.

Wapangaji nao wamesahaulika. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mwenye nyumba hudai kodi ya miezi 6, au hata mwaka mzima, kwa mkupuo. Mama muuza dagaa ataitoa wapi?

Tena msiniambie kwamba kupanga hakuwezekani. Baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye wa Burundi, Oktoba 1993, tuliona kambi zikiinuka katika wilaya zetu: viwanja vikapimwa, vyoo vikachimbwa, mabomba yakafika, huku mitaa yetu ikingoja. Lakini kambi zilitufundisha na upande wa pili. Mtabila ilifungwa mwaka 2012, Mtendeli mwaka 2021, na mkaaji wake hakuwa na neno lolote juu ya paa lililomfunika. Paa bila haki ni turubai.

Basi naomba haya. Kila jumuiya iandike, kwa siri na heshima, kaya zisizo na pa kukaa, na orodha ifike kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Rasimu ya mpango wa mji ikitolewa ili wananchi waione, wajumbe wawili wa kila kigango wakaisome na kuandika maoni yao. Vijijini, Mkutano Mkuu wa Kijiji hukaa kila miezi 3. Msiwaachie wauzaji wa ardhi viti vya mbele. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe 7, wasiopungua 3 wawe wanawake: hakikisheni ni wanawake wanaosema, maana mashauri ya wajane yataletwa kwao. Na hati ya kimila ikiombwa, jina la mke liandikwe pamoja na la mume.

Nimemaliza. Nasikia akina mama wa Heru Juu wana maswali juu ya fidia. Tuanze na hao.