*TUMETOKA WAPI? HOTUBA YA TAWI LA MICHENGA KWA WANACHAMA WAPYA*



Wengi mliochukua kadi msimu huu mnatuuliza: kama tunashindana na CCM, mbona kila kikao tunamtaja Mwalimu? Na mtaani wapo wanaosema ACT Wazalendo ni mtoto wa ugomvi wa CHADEMA.

Ugomvi ulikuwepo, hatufichi. Chama kilisajiliwa 2014, na Ndugu Zitto Kabwe akajiunga Machi 2015 baada ya kuondolewa CHADEMA. Lakini ugomvi hauandiki itikadi. Juni 2015 chama kilitangaza Azimio la Tabora, katika mji uleule ambao TANU iliamua mwaka 1958 kuingia uchaguzi wa kura tatu. Azimio hilo linahuisha Azimio la Arusha la 1967, hasa miiko ya uongozi ambayo CCM iliilegeza kule Zanzibar mwaka 1991.

Basi kwa nini tunasema ujamaa *wa kidemokrasia*? Hapa tunaomba mtulie kidogo. Kule Litowa, Songea, mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa TANU walianzisha kijiji chao wenyewe. Walilima pamoja na kuamua mambo kwenye mikutano yao, na vijiji vingine vikafuata chini ya Chama cha Maendeleo Ruvuma. Ndicho Mwalimu alichokuwa akikihubiri! Mwaka 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakivunja. Miaka michache baadaye ikaja operesheni vijiji, watu wakahamishwa kwa amri. Mwenye babu au bibi nyumbani amuulize. Usawa tunautaka, ila mkulima aamue mwenyewe.

Machi 2019 Maalim Seif na wenzake walishusha tanga CUF wakalipandisha kwetu, chama kikapata mizizi Visiwani.

Wapo pia walioondoka. Mama Anna Mghwira, mgombea wetu wa urais 2015, sasa marehemu, aliteuliwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro 2017, kisha akahamia CCM. Iliuma. Azimio halikuondoka naye.

Azimio linataka kiongozi ataje mali zake hadharani. Kwa hiyo, mkutano wa tawi ujao, sisi viongozi wenu kila mmoja atataja ekari zake za mpunga, za kununua na za kukodi, pamoja na madeni. Mtuhoji. Nakala ya Azimio iko kwa Katibu, ipitieni kabla ya siku hiyo.

_Uongozi wa Tawi, Michenga, Ifakara_