Uzuri wa Kwetu: Njombe na Makambako

Maneno yangu ya leo yahusu jambo ambalo walimu wengi wa nchi hizi za juu hulikuta darasani. Mwambie mwanafunzi wa Njombe aandike insha juu ya mji wake, naye ataandika mistari mitatu: kuna baridi, kuna ukungu, kuna viazi. Mwambie mwenzake wa Makambako, naye atasema: kuna upepo, kuna vumbi, na magari hupita. Kisha kalamu husimama. Walakini mwambie aandike juu ya Dar es Salaam, ambako pengine hajapata kufika, naye ataujaza ukurasa.

Yafaa tulitazame jambo hili, kwani lina matokeo yake. Mtoto aaminiye kwamba kwao hakuna kitu, akiwa mtu mzima hataona sababu ya kulinda kitu chochote cha kwao.

Tuanze na hiyo baridi. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na kadiri mtu apandavyo, ndivyo hewa ipoavyo. Katika miezi ya Juni na Julai, usiku usipokuwa na mawingu, ardhi hupoteza joto lake upesi. Hewa ya baridi ni nzito, nayo huteremka mabondeni polepole kama maji. Ndiyo sababu asubuhi nyingine utaona sakitu nyeupe imelala chini bondeni, na mlimani juu majani ni makavu, hayana kitu. Mkulima ambaye viazi vyake vimeunguzwa na sakitu hawezi kuisifu, wala simlaumu. Lakini hata yeye, akiitazama mipaka ya weupe ule, atajua hewa baridi ilipita wapi, na mwaka ujao apande wapi.

Katika mabonde hayo hayo ndimo vilimo vinyungu. Wakati wa kiangazi, vilima vinapokuwa na rangi ya udongo, wenyeji hulima matuta penye unyevu chini, wakapanda mahindi, maharage na mboga. Simama juu ya kilima mwezi wa Septemba utazame chini: mistari ya kijani imepangwa kama mkeka uliosukwa. Hakuna aliyeifanya ili itazamwe, na bado yapendeza.

Tena Njombe ina maporomoko yake ya Luhuji, wala si mbali. Mtu aendaye sokoni aweza kuyafikia kwa miguu. Wengi hupita bila kugeuza shingo. Je, mwajua maji yale yaenda wapi? Huingia Kilombero, na Kilombero ukikutana na Luwegu ndipo uzaliwapo Mto Rufiji, ufikao Bahari ya Hindi. Basi kijana aonaye haya kutaja atokako, na ajue kwamba akifika pwani atakuta maji ya mji wake yamekwisha kutangulia.

Sasa twende Makambako, yapata kilomita 60 kutoka Njombe. Husemwa kwamba ni mahali pa kupita tu. Na iwe hivyo; tutazame ni nani wapitao. Barabara moja yaenda Iringa hata Dar es Salaam, ya pili Mbeya hata Zambia, ya tatu Njombe hata Songea. Hapo pana stesheni ya reli ya TAZARA, iliyojengwa tangu mwaka 1970 hata 1975 na mikono ya Watanzania, Wazambia na Wachina. Kutoka Mlimba hata Makambako reli hupanda zaidi ya mita 1,000, kwa madaraja na mashimo yaliyotobolewa milimani, na kipande hicho kilikuwa kigumu kuliko vyote. Msafiri atokaye katika joto la Kilombero hushuka Makambako akapigwa usoni na upepo wa uwanda, akatafuta koti lake. Kwake yeye upepo ule ni habari ya nchi mpya. Kwa mwenyeji ni vumbi tu.

Labda mtu ataniambia, "Mwalimu, hayo ni maneno ya kujifariji." Nami nitamjibu kwa habari ya Kitulo, katika Makete. Kwa wengi uwanda ule ulikuwa nyasi na baridi tu. Lakini waliokwenda wakati wa mvua na kuinama kutazama waliona maua ya aina nyingi, na wenyeji wakauita Bustani ya Mungu. Mwaka 2005 Kitulo ikafanywa Hifadhi ya Taifa, kwa ajili ya maua yake. Nyasi zilikuwa zile zile. Kutazama ndiko kulikoongezeka.

Na hapa ndipo penye shauri langu. Katika mabonde yetu watu wamepanda milingoti karibu na chemchemi, kwa sababu mbao huleta fedha na bonde huonekana kuwa mahali patupu. Mti ule hunywa maji mengi, na chemchemi huweza kupungua. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yataka mita 60 kutoka chanzo cha maji ziachwe bila kazi za watu. Lakini sheria peke yake haina macho. Macho ni yetu.

Basi, enyi walimu, wapeni wanafunzi kazi hii. Kila mmoja aende bonde la karibu na kwao, aandike vitu kumi alivyoviona, kwa majina ambayo bibi na babu huviita, kwa Kibena, au Kikinga, au Kihehe. Asipolijua jina, na amwulize mzee. Enyi wazazi, mwulizwapo, msiseme kwamba hapa hakuna kitu. Akitaka kwenda Dar es Salaam baadaye, na aende kwa heri. Lakini aende akijua alichokiacha, apate kukirudia, au kukitetea kutoka huko.