Ruzuku Ikiingia Kwenye Akaunti Yenye Deni

Maneno ya ofisa wa habari wa kaunti kwa viongozi wa vikundi vya wakulima na wafanyabiashara wadogo, Nakuru

Leo nina jambo moja tu: ruzuku ya serikali inayofika benki halafu isifike kwa kikundi.

Ruzuku ya mbolea haina shida hii. Tangu Agosti 2023 mkulima aliyesajiliwa hununua mfuko wa kilo 50 kwa shilingi 2,500, na anachobeba kutoka bohari ya NCPB ni mbolea, si pesa. Benki haina pa kushika. Lakini miradi mingine hupitisha fedha kwenye akaunti ya kikundi. NARIGP, mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia na uliofika kaunti yetu, ulifanya hivyo.

Tuseme kuna kikundi cha maziwa kule Njoro. Kilikopa kununua pikipiki na mikebe, kiangazi kikaja, maziwa yakapungua, malipo yakakwama. Sasa kinapewa shilingi 400,000 za tangi la kupoza maziwa. Pesa inaingia kwenye akaunti ileile ya zamani. Mweka hazina akienda kutoa, anakuta 95,000. Zilizobaki zimekatwa kulipa mkopo. Tangi halinunuliwi, mradi unadai risiti, na wanachama wanaanza kumtazama mweka hazina vibaya.

Hapo watu husema benki imeiba. Hapana. Fomu nyingi za mkopo zina kifungu kinachoiruhusu benki kuunganisha akaunti zako na kujilipa deni lililopitisha muda. Mliweka sahihi. Hata hivyo haki hiyo ina mipaka, na ndiyo ninayotaka mwondoke nayo.

Kwanza, deni na akiba lazima viwe vya mtu yuleyule. Mwenyekiti akikopa kwa jina lake akashindwa kulipa, pesa za kikundi si zake, isipokuwa kikundi kilikubali kumdhamini. Someni mlichotia sahihi.

Pili, na hapa ndipo penye uzito, kuna pesa iliyotolewa kwa kazi maalum, na benki ikajua hivyo. Mwaka 1964 kampuni ya Uingereza ya mashine za kufulia, Rolls Razor, ilikuwa na deni kubwa kwa benki ya Barclays. Ikakopa kwa kampuni nyingine, Quistclose, zaidi ya pauni 209,000 za kulipa gawio la wenye hisa, si kitu kingine. Fedha ziliwekwa Barclays katika akaunti ya peke yake, na benki ikaandikiwa barua kueleza kazi yake. Kabla gawio kulipwa, Rolls Razor ikafilisika. Benki ilitaka kujilipa. Mwaka 1968 mahakama ya juu kabisa ya huko ikakataa: kazi iliyokusudiwa imeshindikana, basi pesa irudi kwa aliyeitoa.

Maamuzi ya Uingereza hayazifungi mahakama zetu, lakini huzingatiwa. Na oneni kilichoisaidia Quistclose: akaunti tofauti na barua. Kikundi chetu cha Njoro hakikuwa na hata kimoja.

Kwa hiyo, kabla ruzuku haijatumwa, fungueni akaunti mpya kwa ajili yake. Ikiwezekana iwe benki msikodaiwa. Hilo ndilo salama zaidi. Mwandikieni meneja wa tawi mkitaja mradi, kiasi, kazi ya fedha hizo, na kwamba si za kulipa deni lolote. Ambatisheni barua ya mradi.

Ikiwa pesa imeshakatwa, ombeni kwa maandishi taarifa ya akaunti na hesabu ya deni. Kagueni riba. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kinachotumika tangu 2007, kinasema mkopo ukishakwama, riba haiwezi kupita kiasi cha mkopo kilichokuwa kimebaki siku ulipokwama. Benki isipowajibu vizuri, pelekeni malalamiko Benki Kuu ya Kenya. Ofisi ya kaunti inaweza kuwasaidia kuandika, lakini haina mamlaka ya kuiamuru benki, na anayewaahidi hivyo anawadanganya.

Ikiwa mnachodai hakizidi shilingi milioni moja, iko Mahakama ya Madai Madogo. Husikiliza pia madai ya pesa zako zilizoshikwa na mwingine, mnaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa.

Na ile barua kwa meneja, msiiache mezani kwake mkaondoka. Ipelekeni nakala mbili, zote zipigwe muhuri wa tawi na tarehe, moja ibaki kwa katibu.