Yowe la Mwizi na Hatia ya Kila Mmoja



Jambo nililoombwa kulizungumzia leo, wakazi wa Tandale, Mwananyamala, Tandika na Mbagala hawahitaji kuelezwa lilivyo. Ni yowe la "mwizi!" alfajiri, vishindo vya miguu vichochoroni, kisha kimya. Kunapokucha pana majivu ya tairi njiani, na wapita njia wanaangalia pembeni.

Tuseme walikuwa watu arobaini. Mmoja alishika nondo, mwingine alirusha jiwe moja tu akaendelea na safari yake ya kazini, wa tatu alikwenda kuleta petroli, wa nne hakugusa kitu bali alipaza sauti, "Mmalizeni!" Marehemu ni mmoja. Je, muuaji ni nani, na ameua kwa kukusudia au bila kukusudia?

Swali hili si la mawakili peke yao. Kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, anayepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia hupewa adhabu moja tu, nayo ni kunyongwa hadi kufa. Hakimu wala jaji hana nafasi ya kuipunguza. Ni kweli kwamba tangu mwaka 1994 hakuna aliyenyongwa nchini, na kwamba mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kuwa adhabu ya lazima ya namna hiyo inavunja haki ya kuishi. Lakini mwenye hatia hiyo hungoja gerezani miaka na miaka, hajui mwisho wake. Aliyeua bila kukusudia, adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha, lakini pia yaweza kuwa miaka michache, kwa kadiri jaji atakavyopima.

Hapa lugha yetu wenyewe inatuponza. Tukisikia neno "kukusudia" tunamfikiria mtu aliyekaa usiku akapanga njama. Sheria haisemi hivyo. Anahesabiwa kuwa na dhamira ya kuua yule aliyetaka kuua, na kadhalika yule aliyetaka kumdhuru mwenzake vibaya. Hata yule aliyejua kwamba kitendo chake yamkini kitaleta kifo au madhara makubwa, akakitenda bila kujali. Kwa hiyo yule anayesema, "Mimi nilitaka kumtia adabu tu," hajajitetea hata kidogo ikiwa adabu yenyewe ilikuwa nondo ya kichwani.

Kwa kuwa moyo wa mtu hauonekani, mahakama huusoma katika matendo. Katika shauri la Enock Kipela, rufaa ya jinai namba 150 ya mwaka 1994, Mahakama ya Rufani ilitaja mambo ya kutazamwa: aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyopigwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno aliyotamka mshambuliaji, na mwenendo wake kabla na baada ya tendo. Hebu vipimeni vipimo hivyo kwa tairi na petroli. Sioni mahali pa kuponea. Fimbo mbili za miguuni, zilizopigwa na mtu aliyekuwa akimburuta mshukiwa kwenda kituo cha polisi, ni habari nyingine. Vivyo hivyo, watu wawili wakipigana na mmoja akafa katika ugomvi huo, Mahakama ya Rufani imesema, katika shauri la Laizer lililomo katika ripoti za sheria za mwaka 1994, kwamba kosa linalostahili ni kuua bila kukusudia. Lakini arobaini wakimzunguka mmoja aliye chini, hapo hapana mapigano.

Sasa nije kwa yule wa jiwe moja. Sheria inayo kanuni ya nia ya pamoja: watu wakiungana kutenda jambo lisilo halali, na katika kulitenda likatokea kosa ambalo ni matokeo ya kutazamiwa ya jambo hilo, kila mmoja anahesabiwa kuwa amelitenda. Wengi hudhani lazima wawe wamekula njama. Mwaka 1943 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Tabulayenka, ambalo lilihusu mtu aliyedaiwa kuwa mwizi, ilikwisha sema kwamba makubaliano ya kabla hayahitajiki. Nia ya pamoja yaweza kuonekana katika kuwapo kwao, katika matendo yao, na katika kutojitenga kwa yeyote kati yao na shambulio lile. Mahakama zetu zimeendelea kuifuata kanuni hiyo mpaka leo.

Naam, kanuni hii ina mpaka wake. Aliyesimama barazani kwake akitazama kwa hofu hajaungana na mtu. Na kundi likiwa linamsukasuka mshukiwa, ghafla mmoja akachomoa kisu ambacho wenziwe hawakukijua, mahakama itauliza kama kifo kilikuwa cha kutazamiwa kwa wale wengine. Lakini mleta petroli na mwenye kelele ya "mmalizeni" wasijidanganye.

Wapo watakaosema walighadhibika. Utetezi wa kughadhibishwa upo, nao hushusha kosa likawa kuua bila kukusudia. Ila sheria inataka uchokozi uwe umetendwa kwako, au mbele yako kwa mtu wako wa karibu kama mke, mume, mzazi, mtoto au ndugu, au aliye chini ya ulinzi wako, nawe ukatenda kabla damu haijapoa. Mpita njia aliyeambiwa tu kwamba yule pale ameiba redio ya mtu asiyemjua, hasira yake ameazima. Sheria inamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa mbele yake, kwa sharti la kumfikisha polisi bila kuchelewa. Haimpi ruhusa zaidi ya hiyo.

Walimu mnisikilize kwa namna ya pekee, maana vijana wa shule huwa mbele katika mbio hizi. Aliyekuwa chini ya miaka kumi na minane alipotenda kosa hanyongwi, lakini huwekwa kizuizini kwa muda atakaopenda Rais.

Yote haya huanguka shahidi asipopatikana. Mahakama haihukumu umati; humhukumu mtu aliyetambuliwa, kwa kitendo kilichothibitishwa pasipo shaka ya maana. Mtaa mzima ukisema "sikuona, nilikuwa nimelala", mwenye petroli hurudi nyumbani, na mara nyingine kijana aliyefika mwisho kuchungulia ndiye anayekamatwa, kwa kuwa polisi walimkuta pale. Sisi tuliosoma tunaandika kumbukumbu za vikao kila wiki. Basi siku hiyo tuandike saa, mahali, nani alishika nini na nani alijaribu kuzuia, na asubuhi hiyo hiyo tuipeleke karatasi hiyo kituoni na kuitia sahihi zetu.