Shimo la Udongo wa Rangi



Leo twende matembezi. Nauli ya kwenda mbali hatuna, lakini mtu anayejua kusoma husafiri kwa macho. Tunakwenda Ufaransa, upande wa kusini, mpaka kijiji kiitwacho Roussillon. Ni kijiji kidogo cha watu wapatao 1,300. Kiko juu ya kilima, na kuta za nyumba zake zimepakwa udongo wa manjano, wa chungwa na mwekundu. Kando yake kuna machimbo ya zamani ya udongo huo. Hayo ndiyo tunayokwenda kuyaona, na huonwa kwa miguu.

Udongo gani huu?

Udongo wa rangi si mgeni kwetu. Mafundi seremala wa pwani walikuwa na ngeu, udongo mwekundu wa kupigia mistari kwenye mbao. Wamasai hujipaka udongo mwekundu. Kule Kolo, Kondoa, wazee wa kale walichora watu na wanyama miambani, na michoro mingi ni ya rangi nyekundu. Mwaka 2006 michoro ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Rangi hiyo hutoka wapi? Hutoka kwenye chuma kilichomo ardhini. Sote tumeona jembe likipata kutu. Basi rangi ya udongo huu ni ndugu wa kutu. Zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, mahali pa Roussillon palikuwa chini ya bahari. Bahari ikaacha mchanga. Baadaye mvua na joto vikaubadilisha mchanga ule, ukawa wa rangi.

Watu walifanyaje kazi?

Mwishoni mwa karne ya 18, mtu wa kijiji hicho, Jean-Étienne Astier, alianza kuosha mchanga ule ili apate rangi. Kazi yenyewe ilikuwa hivi:

1. Watu walichimba mchanga kwa sululu.
2. Waliuosha kwa maji mengi. Mchanga mzito ulizama, na maji yenye rangi yalipita mferejini mpaka kwenye mabwawa.
3. Rangi ilituama chini ya bwawa. Maji yakaondolewa, tope likakaushwa kwa jua na upepo.
4. Tope lilikatwa vipande kama tofali.
5. Waliotaka rangi nyekundu walichoma ile ya manjano katika tanuru. Akina mama wafinyanzi wataelewa mara moja, maana chungu nacho hubadilika rangi motoni.
6. Mwisho ilisagwa, ikatiwa mapipani na kuuzwa.

Rangi hiyo ilipakwa nyumba, tena ilitiwa katika mpira. Mwaka 1929 eneo zima la Apt, ambamo Roussillon imo, lilitoa kiasi cha tani 40,000. Kisha mambo yakageuka. Biashara ya dunia ilianguka, na viwanda vikatengeneza rangi za kemikali za bei nafuu. Machimbo mengi yalifungwa. Kiwanda kimoja cha Roussillon kilichoanza mwaka 1921 kilifungwa mwaka 1963. Watu wakakosa kazi, mashimo yakabaki.

Sasa tuingie

Mlangoni tunalipa kiingilio. Njia ni mbili: fupi ya karibu nusu saa, na ndefu ya karibu saa nzima. Tunashuka ngazi za mbao. Mbele yetu magenge yamesimama marefu, mengine yamechongoka kama mikuki. Hapa jekundu, pale la manjano, kule jeupe. Katikati imeota misonobari ya kijani. Magenge hayo hayakufanywa na mkono mmoja. Wachimbaji walianza, mvua na upepo vikaendelea.

Tutazame miguu yetu. Viatu vimekuwa vyekundu! Mwenye nguo nyeupe atajuta.

Lakini tusikanyage ovyo. Kuna uzio, na kila mtu hufuata njia. Kuchota udongo ni marufuku, hata wa kujaza mkono. Mvua kubwa ikinyesha, njia hufungwa. Kwa nini wawe wakali hivyo? Kwa sababu magenge yale ni mchanga. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba humaliza ghala. Kila mgeni akichota konzi moja, na kila mgeni akipanda genge, uzuri wote utaporomoka, na kiingilio nacho kitakwisha.

Hapo ndipo penye somo, ndugu zetu. Udongo uliwalisha watu wa Roussillon walipouchimba. Sasa unawalisha kwa sababu wameacha kuuchimba na wanaulinda. Hata kile kiwanda kilichofungwa sasa ni mahali pa kufundishia kazi za rangi.

Na mashimo yetu je?

Sisi nasi tunachimba. Tunachimba udongo wa tofali, kokoto na mchanga. Kazi ikiisha tunaondoka, shimo tunaliacha wazi. Masika yakifika linajaa maji. Mtoto anazama, ng'ombe anavunjika mguu, mbu wanazaliana. Korongo linasogea mpaka shambani kwa jirani.

Si kila shimo litaleta watalii, tusidanganyane. Lakini kila shimo lina mwenyewe, na mwenyewe ni sisi tuliochimba. Lingine lafaa kufukiwa, lingine kuzungushiwa uzio, lingine kupandwa miti ishike udongo. Tukubaliane kabla ya sululu ya kwanza kupiga, maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maswali ya kuzungumza

1. Kijijini kwetu kuna mashimo mangapi yaliyoachwa wazi?
2. Nani aliyachimba, na nani anayaangalia sasa?
3. Tuanze na shimo lipi kabla ya masika?